Kibao cha Kaka Mkubwa

Sehemu ya Kumi na Moja

Haya, turudi mahakamani, maana tulimwacha mtaalamu wa maandishi ametia kidole kwenye gundi ya bahasha, na Kitinda amesimama kizimbani.

Kwa aliyeingia leo, asihangaike, nitamweka sawa. Mzee Burashi, mchora vibao ambaye nusu ya maduka ya mji yana maandishi yake juu ya mlango, amefariki. Nyumba na karakana yake kamwachia Kitinda, binti wa mwisho, aliyeishi naye mpaka dakika ya mwisho. Wakubwa wawili, Kaka na Dada, wameachiwa kiwanja cha nyuma wagawane. Wakasema wosia umeghushiwa, nyumba iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake sawa. Naye Kitinda ameinua mkono akaapa: wosia uliandikwa na Baba.

Bahasha ikachanika.

"Mheshimiwa," mtaalamu akasema, "nimelinganisha wosia na vielelezo walivyoleta walalamikaji wenyewe. Vibao vitatu vidogo, na hiki kikubwa cha duka la dawa. Nimetazama mikia ya herufi, matumbo yake, nafasi kati ya neno na neno. Sina shaka hata chembe. Mkono uliochora vibao hivi ndio ulioandika wosia."

Wakili wa kina Kaka, bwana wa tai nyekundu aliyekuja amejipulizia manukato ya ushindi, akakaa chini taratibu.

"Haiwezekani," Dada akanong'ona kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia.

Wakili wa Kitinda, mwanamke mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alimtupia mteja wake jicho la kusema mambo yamekwisha. Alitegemea kuona tabasamu. Alichokiona ni mtu aliyeshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili kama yuko juu ya ngazi na ngazi inayumba.

Ni kwamba mtaalamu alisema kweli tupu. Mkono ulikuwa mmoja. Ila haukuwa wa Mzee Burashi. Ulikuwa wa Kitinda.

Miaka kumi nyuma mkono wa Mzee ulianza kutetemeka. Mwanzo kidole gumba, halafu kiganja, mwisho mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Mchora vibao anayetetemeka ni sawa na mwimbaji aliyepoteza sauti, na Mzee alikuwa na majivuno yake. Akaning'iniza pazia katikati ya karakana. Mbele alikaa yeye, mikono ameificha mifukoni mwa aproni, anapokea wateja na kuwaambia njoo Alhamisi. Nyuma ya pazia alikaa Kitinda na burashi.

"Vuta mkia," Mzee angesema akishavuta kiti nyuma ya bintiye. "Pumua kwanza. Shusha huku unatoa pumzi. Hapo. Sasa inua burashi."

Maneno yake, mkono wa Kitinda, jina la Mzee pembeni chini. Mteja akija kuchukua kibao anamkuta Mzee ameshika burashi, anajifanya kumalizia nukta. Miaka kumi hakuna aliyejua. Siku ile ya kwanza Mzee alimwapisha bintiye: jambo hili utakwenda nalo kaburini, na mimi nikitangulia usilifukue.

Wosia wakauandika vile vile. Ndipo walipokosea, na kosa lenyewe lingeweza kufanywa na watu hawa wawili tu duniani. Miaka kumi kila kitu cha Mzee kilitoka hivyo: yeye anasema, binti anaandika, binti anatia saini ya Mzee. Hawakuona kwamba karatasi hii ni tofauti na kibao cha bucha.

Sasa Kitinda alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Anyamaze dakika tano, nyumba yake, karakana yake, na siri ya Baba imelala salama.

"Walalamikaji wana neno?" hakimu akauliza. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ndogo, lakini hakuna aliyethubutu kukohoa akizungumza.

Kaka akasimama.

Kaka ni mfamasia. Mrefu, mkavu, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Wakili wake akamvuta koti akae, hakukaa.

"Mheshimiwa, naomba nifute kesi yangu."

"Kaka!" Dada akamaka.

"Ngoja, mdogo wangu." Akamgeukia hakimu. "Mimi na Baba hatukuelewana. Alitaka nishike burashi, mimi nikataka kusoma. Siku nilipopata nafasi ya chuo alibeba vitabu vyangu akavimwaga nje kwenye matope. Tukakaa miaka sita hatusalimiani. Nilipofungua duka la dawa nilimtuma huyu Dada apeleke agizo la kibao. Sikutegemea atakubali. Na niliagiza maneno matatu tu, Duka la Dawa."

Akakiendea kibao kilichoegemezwa ukutani na karatasi ya namba ya kielelezo imebandikwa pembeni. Herufi za kijani zimesimama kwenye weupe, na chini yake, kwa herufi ndogo za kulala, maneno mawili: Karibu upone.

"Haya mawili sikuyaagiza. Aliongeza mwenyewe." Kaka akagusa herufi ya kwanza kwa kidole. "Kila asubuhi kabla sijafungua kufuli nasimama hapo nje natazama. Wateja wanadhani nasali. Mimi nilikuwa najiambia, mzee kashika burashi siku nzima kwa ajili yangu, kalala juu ya mbao hii, kakunja mgongo. Hajaniomba radhi kwa mdomo, lakini kaniomba kwa mkono. Sasa mtaalamu anasema mkono huu ndio ulioandika wosia. Basi mimi nimekubali. Mkono huu hauwezi kunidhulumu."

Karani aliacha kuandika. Hakimu akavua miwani akaifuta.

Kitinda alimtazama kaka yake. Alitaka sana kuwa mtu wa kunyamaza. Alijaribu. Akahesabu mbao za dari, akafika ya saba.

"Kaka," akasema. "Si mkono wa Baba."

"Mheshimiwa, mteja wangu amechoka," wakili wake akaruka. "Naomba tuahirishe." Kisha kwa chini chini, midomo haichezi: "Funga mdomo. Uliapa. Kiapo cha uongo ni jela."

"Najua," Kitinda akamjibu. Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, niliapa uongo. Wosia niliandika mimi. Na vibao vile pia niliandika mimi. Vyote vinne."

Mahakama ikavuma. Hakimu akagonga meza mara moja tu.

"Mleteeni karatasi na kalamu nene."

Karani akaleta. Kitinda akaitandaza juu ya ukingo wa kizimba, akatoa pumzi, akashusha mkono. Hakupiga mstari, hakupima. Duka la Dawa. Karibu upone. Alipomaliza, mkono wake ukaenda wenyewe pembeni chini ukaandika Mzee Burashi, kwa mazoea, kisha ukagundua ulichofanya ukasita.

Mtaalamu akaja na lenzi yake. Akainama kwenye karatasi, akaenda kwenye kibao, akarudi. Akakiendea kibao tena, ingawa mara hii nadhani alikuwa anatafuta pa kuficha uso.

"Ndio huu," akasema. "Ni mkono huu."

Bwana wa tai nyekundu aliinuka kama aliyekalia moto. "Mheshimiwa, amekiri kughushi mbele ya..."

"Kaa chini, wakili. Nina masikio." Hakimu akamtazama Kitinda. "Maneno ya wosia ni ya nani?"

"Ya Baba. Alikaa nyuma yangu, akawa anasema, mimi naandika. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi. Mkono wake ulikuwa umekufa miaka kumi, mheshimiwa. Aliona haya. Alinikataza nisimwambie mtu."

"Yote ni ya kwake? Hujaongeza neno?"

"Sijaongeza."

"Hujapunguza?"

Hapo sasa. Msomaji wangu, kuna maswali mtu anaulizwa kwa utaratibu tu, kumbe yanagonga palepale alipoficha kitu.

"Kuna sentensi haimo," Kitinda akasema.

Kaka alikuwa bado amesimama kando ya kibao. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nimeshaipanga karatasi. Nimeipiga mistari, nimehesabu maneno, juu na chini nimeacha nafasi sawa. Nikafika mwisho, nikatia saini yake. Baba akasema, subiri, kuna sentensi nyingine, ya kaka yako. Nikamwambia Baba, nafasi imeisha. Nikiibana hapo chini itaharibu karatasi nzima." Akapitisha kidole chini ya karatasi iliyokuwa mbele yake. "Naye hakupenda herufi za kubanana. Maisha yake yote hakupenda. Akaitazama, akasema, kweli, itaharibika. Nikamwambia kesho nitaipanga upya, tuanze mwanzo, na hiyo iwe juu kabisa. Akasema sawa."

"Na kesho?"

"Kesho yake aliamka hawezi kusema. Hakusema tena mpaka alipofariki."

"Kwa nini hukuiandika mwenyewe baadaye?"

"Ningeandikaje, mheshimiwa? Hakuwepo nyuma yangu wa kuniambia pumua."

Hakimu alifunga faili. Akasema anakwenda chumbani kwake, atarudi baada ya nusu saa na uamuzi juu ya wosia, na juu ya kiapo. Wote wakasimama.

Nje, kwenye ujia wenye benchi moja ndefu na ndoo ya mopu iliyosahauliwa, Dada ndiye aliyemfikia Kitinda wa kwanza.

"Umefurahi? Umemvua Baba nguo mbele za watu. Kesho mji mzima utakuwa unacheka, kumbe Mzee Burashi alikuwa anashika burashi kwa maonyesho."

"Dada, ningefanya nini?"

"Ungenyamaza. Kaka alishakuachia nyumba, wewe mwenyewe ulimsikia. Sijui nani kakuroga." Akafuta macho kwa mgongo wa kiganja, akaondoka akaenda kusimama dirishani. Yeye alikuwa akimpenda Baba pia, kwa namna yake ya kufoka, na hakuna aliyemuuliza.

Kaka alikuwa mwisho wa ujia. Ametoka na kibao. Karani alimzuia, kwamba kielelezo hakitoki mahakamani, yeye akasema haendi nacho mbali, na uso aliokuwa nao ulimfanya karani apishe njia. Alikaa kwenye benchi, kibao magotini, amekigeuza uso chini.

Kitinda akakaa. Aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Hata kibao," Kaka akasema.

"Hata kibao."

"Miaka tisa nasimama pale nje kama chizi. Nasalimiana na wewe."

"Maneno yalikuwa yake, Kaka. Karibu upone ilikuwa yake, mimi nilichora tu. Alinifutisha mara tatu. Mara ya kwanza akasema kijani kimepooza, mara ya pili akasema mwanangu si bucha, toa hizo herufi nono. Hakuna kibao kingine alichonifutisha mara tatu."

Kaka alicheka kidogo puani, kisha kicheko kikageuka, akalazimika kuangalia ukutani.

"Unasema hivyo unipoze."

"Wallahi sikupozi."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Na hiyo sentensi. Ilikuwa inasemaje?"

Kitinda alikuwa amekaa nayo miezi minane. Alikuwa akifua nayo, anapika nayo, anachora nayo vibao vya watu. "Mwanangu mkubwa hakunikosea. Mimi ndiye niliyemkosea. Anisamehe."

Kaka akahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu vidonge.

"Maneno saba," akasema.

"Saba."

"Ukakosa nafasi ya maneno saba."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Kitinda aliinama akalia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi, maana siku ya mazishi alikuwa na kazi ya kupokea wageni. Kaka hakumgusa. Alikaa tu, kibao magotini, mpaka kilio kikaisha chenyewe. Ndipo akatoa kalamu mfukoni na kitabu chake kidogo cha duka, akakifungua kwenye ukurasa mweupe.

"Iandike."

"Kaka..."

"Iandike niione. Lakini si kwa mwandiko wa vibao. Huo nimeshadanganywa nao. Andika kwa mwandiko wako wewe."

Kitinda akashika kalamu. Akaiweka kwenye karatasi, akaiinua. Akaiweka tena. Shuleni alikuwa na mwandiko wake, wa hovyo, umelala kushoto, mwalimu alikuwa akimpigia kelele. Aliutafuta mkononi. Haukuwepo. Ilikuwa miaka kumi hajaandika hata orodha ya sokoni isipokuwa kwa mkono ule ule.

"Sina mwingine," akasema. "Ndio huu peke yake. Ule wangu umeniishia."

Kaka akamtazama mdogo wake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu kesi ianze kumtazama yeye, mwanamke wa miaka thelathini na tatu mwenye rangi ya kijani kwenye kucha, asiye na hata saini yake.

"Basi andika alivyokuwa anaandika yeye," akasema kwa upole. "Yeye hasa. Mkono wake ulivyokuwa mwishoni. Sijawahi kuuona."

Huo Kitinda aliujua. Alfajiri nyingi alimkuta Mzee juu ya gazeti kuukuu, amekamata penseli kwa mikono miwili, anajaribu jina lake mwenyewe. Akihisi ameonwa, analikunja gazeti na kusema anawashia jiko.

Akahamisha kalamu mkono wa kushoto. Akaulegeza mkono, akauacha uruke. Herufi zikatoka zimevunjika, nyingine zimepanda juu ya nyingine, mstari unateremka kama njia ya siafu. Mwanangu mkubwa hakunikosea. Mtu asiyeambiwa asingejua kama ni maneno.

Kaka aliinama kuangalia. Uso ukambadilika.

"Nimeuona huu."

"Wapi?"

"Nimeuona mwandiko huu." Akasimama, kibao kikaanguka kwenye sakafu. "Mwaka jana. Nafungua duka asubuhi, nakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, imekunjwa mara nne. Ukurasa mzima, mbele na nyuma, umejaa vitu hivi. Sikuweza kusoma hata neno. Nikadhani mgonjwa kaleta cheti cha daktari, hakuna siku nisiyoletewa vyeti visivyosomeka. Nikasubiri mwenyewe aje kuulizia dawa. Hakuja."

"Ukaitupa?"

"Situpi cheti. Visivyosomeka naviweka kwenye kopo juu ya kabati la stoo." Alikuwa akijipapasa mifuko akitafuta simu, na safari hii vidole vya mfamasia ndivyo vilivyokuwa vikitetemeka. "Ukurasa mzima, Kitinda. Mbele na nyuma. Alikaa muda gani kuandika ule ukurasa?"

Kitinda aliinamia zile herufi zilizovunjika. Alikuwa anaona magazeti yale, alfajiri zile, na jiko ambalo halikuwahi kuwashwa kwa gazeti hata siku moja.

"Leo siku gani?" Kaka akauliza.

"Ijumaa."

"Mke wangu anasafisha stoo leo. Nilimwambia mwenyewe juzi, kopo limejaa, vyeti vyote avichome."

Simu ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, na kabla haijakata yeye alikuwa ameshafika kwenye ngazi, anashuka mbili mbili, koti linapepea.

Mlango wa mahakama ukafunguliwa. Karani akatoa kichwa. "Wa kesi ya wosia, ingieni. Mheshimiwa ameketi, anasoma uamuzi."

Dada akaingia. Mawakili wakaingia. Wakili mwembamba akasimama mlangoni akamwita Kitinda kwa mkono: haraka, usipoonekana hakimu atakuchukulia vibaya, uamuzi wa nyumba yako ndio unasomwa.

Kitinda aliutazama mlango. Kisha akainama akakiokota kibao kwenye sakafu, akakikumbatia kifuani, herufi za kijani zikielekea nje, akamkimbilia kaka yake.